Stesheni ya Babu na Kiswahili Kilichoshukia Nanyuki

Timau haijawahi kuwa na stesheni ya gari la moshi. Mwanafunzi yeyote wa jiografia anaweza kulithibitisha hilo kwa kuitazama ramani ya Kenya: mstari wa reli unatoka Nairobi, unapita Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru, kisha unakoma Nanyuki, kilomita 20 hivi kabla ya kufika kwetu. Hata hivyo, nilipokuwa mtoto, neno "stesheni" lilitajwa nyumbani mwetu kana kwamba stesheni yenyewe ilikuwa nyuma ya zizi la ng'ombe. Mtu aliyeteremkia Nanyuki kununua jembe alisemekana ameenda stesheni. Mtu aliyepotea mjini kwa muda mrefu alisemekana amevuka stesheni. Jirani zetu wengine hawakuwahi kulipanda gari la moshi maishani mwao, lakini mpaka wa dunia waliyoifahamu ulikuwa jukwaa lile la Nanyuki.

Aliyelileta neno hilo nyumbani ni babu yangu. Alifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo katika stesheni hiyo kwa miaka mingi, kisha akarudi Timau na mgongo uliopinda na hazina ya masimulizi. Yeye mwenyewe alijiita "kuli", wala hakuona haya. Jioni, moto ukishawaka, alianza kusimulia: "Gari ya moshi ikifika, mvuke inajaa kila pahali..."

Mimi nilikuwa mwanafunzi hodari wa Kiswahili, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha ngeli kwa bidii. Jioni moja nilimkatiza babu nikamwambia, "Si gari ya moshi, Babu, ni gari la moshi. Na mvuke unajaa, hauwi inajaa." Alinitazama kwa muda, akatabasamu, akasema, "Sawa, mwalimu." Tangu siku ile alinisimulia habari za stesheni kwa Kimeru tu, tena kwa ufupi. Nilidhani nimemsaidia. Leo, nikiwa mhadhiri wa isimu, ninajua kwamba jioni ile nilifunga mlango ambao sikuweza kuufungua tena.

Ninaandika haya kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu wengi wao ni walimu na wanafunzi, na ninashuku kwamba milango ya aina hiyo ingali inafungwa. Kabla ya kufikia ombi langu, hata hivyo, hatuna budi kuielewa stesheni yenyewe.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Reli ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka wa 1899, na kufikia mwisho wa 1901 ilikuwa imefika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali tunapopaita Kisumu. Takriban vibarua 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 miongoni mwao walifia kazini. Tawi la kuelekea upande wetu lilianza baadaye. Mwaka wa 1913 reli ilifika Thika. Katika miaka ya 1920 ikasukumwa kaskazini hatua kwa hatua, ikiuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa magharibi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 ilikuwa imekita Nanyuki, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari.

Mbona ikaelekea Nanyuki, na mbona ikasimama pale? Jibu limo katika historia ya ardhi. Kwa mikataba ya 1904 na 1911, Wamaasai walihamishwa mara mbili: kwanza wakakusanywa Laikipia, kisha wakaondolewa Laikipia na kupelekwa kusini. Walipinga uhamisho huo wa pili mahakamani mwaka wa 1913 wasifaulu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa 1919 wa kuwagawia mashamba askari wa zamani wa Kizungu, na sehemu ya mashamba hayo ilikuwa katika nyanda hizi. Mashamba ya ngano na kondoo yakaenea hadi Timau. Mwenye shamba alihitaji njia ya kufikisha nafaka na sufu bandarini, na reli ikamfuata. Kwa Mmeru aliyelima upande wa pili wa mlima, reli haikwenda hatua moja zaidi. Ilikomea pale yalipokuwa maslahi ya walioiagiza.

Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita kimya. Jina Naro Moru latokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu mawe meusi. Nanyuki nayo inahusishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya wekundu. Kwa hiyo, wenye nchi walipokwisha kuondolewa, majina waliyoipa nchi yao yaliandikwa kwa herufi kubwa juu ya mabango ya stesheni, yakasomwa na abiria waliokuwa hawajui yametoka wapi. Watu wanaweza kuhamishwa kwa amri ya gavana, lakini jina la mto hubaki likitoa ushahidi.

Stesheni hiyo iliona mengi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Nanyuki ilikuwa na Kambi Nambari 354 ya wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Januari 1943, Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambini humo ili tu waukwee Mlima Kenya. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi na kujisalimisha. Kisa hicho kimesimuliwa kote duniani. Visa vya Waafrika waliobeba mizigo katika mji huohuo, katika miaka hiyohiyo, havikuandikwa na mtu.

Kwa Mwafrika, stesheni ilikuwa mahali pa kutoa kipande chake kikaguliwe. Ilikuwa mahali pa kuketi katika daraja la tatu, kwenye viti vya mbao, daraja la kwanza likiwa la Wazungu na la pili la Wahindi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji vibali maalumu ili kusafiri. Aprili 1954, katika msako mkubwa wa Nairobi, maelfu ya watu walipakiwa katika magari ya moshi na kupelekwa vizuizini Manyani na Mackinnon Road. Chombo kilekile kilichochukua ngano kikachukua binadamu. Babu hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Nilimsikia mara moja tu akisema kwamba kuna mizigo ambayo mpakizi huipakia bila ya kuitazama.

Sasa nirudi katika taaluma yangu. Kwa bahati ya kihistoria, miaka ileile reli ilipokuwa ikikaribia Nanyuki, Kiswahili nacho kilikuwa kikiwekewa reli zake. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusawazisha tahajia, sarufi na msamiati. Hicho ndicho Kiswahili kilichoshuka kutoka ofisini hadi vitabuni, na kutoka vitabuni hadi darasani nilimoketi mimi.

Lakini kulikuwa na Kiswahili kingine, na hicho kilishuka kwenye jukwaa la stesheni. Kililetwa na makarani kutoka pwani, mafundi wa Kihindi, wapiga makaa kutoka Nyanza na Ukambani, na vibarua wa kila kabila. Hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Ndani ya Kiswahili hicho mliingia maneno ambayo leo tunayatumia bila kujua safari yake.

Chukua neno "nauli". Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililitoa katika Kiyunani cha kale, na huko kote lilikuwa ni malipo ya chombo cha baharini. Neno "abiria" lina uhusiano na kitenzi "abiri", yaani kusafiri, hasa kwa chombo cha majini. "Shehena" ni mzigo wa jahazi. "Mataruma", yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya reli, ni neno la waunda vyombo, maana taruma ni ubao unaoimarisha mbavu za jahazi. Hata "behewa" kwanza lilikuwa ukumbi au ua wa ndani wa nyumba kubwa, kabla ya kuwekewa magurudumu. Ongeza "gari", ambalo asili yake ni Kihindi, kisha "reli", "stesheni" na "tikiti" kutoka Kiingereza, na utaona kwamba sentensi moja ya mpakizi wa Nanyuki ilibeba Bahari ya Hindi nzima.

Fikiri basi, mpenzi msomaji, juu ya babu yangu. Hakuwahi kuiona bahari. Alizaliwa na kufa chini ya theluji ya Mlima Kenya. Lakini kila siku alitamka maneno ya manahodha: akapakia shehena, akahesabu abiria, akaulizia nauli. Alipokosea upatanisho wa ngeli, akasema "gari ya moshi", alikuwa akizungumza kama walivyozungumza maelfu ya wafanyakazi wa bara waliojifunza lugha hiyo mabegani mwao na si vitabuni. Waama, lile halikuwa kosa la mtu mmoja mvivu. Ulikuwa utaratibu wenye historia, unaoweza kuchunguzwa na kuelezwa kama utaratibu mwingine wowote wa lugha.

Ninalijua hilo vyema, kwa kuwa tasnifu yangu ya uzamifu ilihusu upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili cha bara. Nilisafiri mbali kutafuta wasemaji. Nilinunua kinasasauti, nikajaza kanda kwa sauti za wazee wa watu wengine. Nilipokuwa nikiiandika sura ya mwisho, nililetewa habari kwamba babu amefariki. Sikuwa nimerekodi hata neno lake moja.

Stesheni nayo ilikuwa imekwisha kunyamaza. Kunyamaza kwake hakukutokea siku moja. Mwaka wa 1973, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zichukue abiria bila ya leseni zilizohitajiwa hapo awali, na msafiri akapata gari linalosimama mlangoni pake. Barabara za lami ziliongezeka na malori yakachukua shehena. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo shirika la reli lililokuwa la nchi tatu. Mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya, likarithi njia nyingi zilizozeeka. Mwaka wa 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mkataba huo ukakatizwa mwaka wa 2017, mwaka uleule ambao reli mpya ya kisasa ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi. Wakati huo wote, matawi madogo yalisahauliwa. Nilipoitembelea stesheni ya Nanyuki katika miaka hiyo, nyasi zilikuwa zimemea kati ya mataruma, na mbuzi walikuwa wakilisha pale babu alipokuwa akisimama.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuacha. Ni kweli kwamba baadaye tulirudi kuuokota: njia ya Nanyuki ilikarabatiwa, na Desemba 2020 abiria walipanda tena gari la moshi kutoka Nairobi hadi Nanyuki. Nilifurahi kama Wakenya wengine. Lakini ukarabati huo uliweza kubadilisha mataruma yaliyooza na kunyoosha vyuma vilivyopinda. Haukuweza kuwarejesha wapakizi, makarani na wapiga makaa waliofariki katika miaka ya ukimya, wala lugha waliyokuwa nayo.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza, "Daktari, watu wanataka ajira na nauli nafuu, nawe unatuletea habari za maneno ya marehemu?" Swali hilo ni la haki, nami ninaliheshimu. Mkulima wa viazi wa Timau anahitaji njia ya bei nafuu ya kufikisha mazao sokoni kuliko anavyohitaji etimolojia. Lakini hebu tutazame mbele. Machi 2012, mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, nao ulitangazwa kuwa na reli itakayopita Isiolo, bonde ambalo sisi wa Timau tunalitazama kutoka milimani. Hadi leo reli hiyo haijajengwa. Siku itakapojengwa, yataulizwa maswali yaleyale ya miaka ya 1920: inapita katika ardhi ya nani? Inakoma wapi, na kwa maslahi ya nani? Nani atapakia, na nani ataketi daraja la kwanza? Jamii isiyokumbuka jinsi stesheni ya kwanza ilivyofika haitajua la kuuliza itakapofika ya pili. Kumbukumbu hiyo imo katika vinywa vya wazee, na imo katika Kiswahili kilekile tunachokikosoa.

Isitoshe, watu wa kawaida wametutangulia sisi wasomi katika kuitunza. Katika Kikuyu, gari la moshi huitwa "mugithi". Jina hilo limepewa ngoma ambamo wachezaji hushikana viunoni, wakafuatana kwa mstari mrefu kama mabehewa, wakizunguka ukumbi. Katika miaka ambayo hakuna gari lililopita Karatina wala Naro Moru, mugithi uliendelea kuchezwa katika arusi na kumbi za starehe, na vijana ambao hawajawahi kukata tikiti wakawa mabehewa wenyewe. Hivyo ndivyo lugha inavyohifadhi kile ambacho serikali imekiacha.

Basi, ombi langu ni hili, na linawahusu walimu kwanza. Nairobi kuna makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, yenye injini kubwa za mvuke zinazopendeza kutazama. Sina neno nayo. Lakini injini haisemi. Wenye kusema wako vijijini, karibu na stesheni ndogo za Makuyu, Sagana na Kiganjo, na mbali zaidi, Nyahururu, Butere na Kitale. Mtaala wetu wa sasa wa umilisi unamtaka mwanafunzi atoke darasani akachunguze mazingira yake. Mpe daftari na umtume kwa mzee mmoja tu aliyefanya kazi ya reli, au kwa mjane wake, au kwa mama aliyekuwa akiuza ndizi na uji jukwaani. Amwulize maswali matatu: Vitu vya stesheni mliviitaje? Mlipakia nini, kikaenda wapi? Ni nani aliyekatazwa kupita?

Kisha mwanafunzi aandike majibu kama yalivyotamkwa. Hapo ndipo penye ugumu, nami ninausema kama mtu aliyewahi kushindwa. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kusikia kosa kabla ya kusikia habari. Mzee akisema "mvuke inajaa", sikio letu hushika ile "i" na kuuachilia mvuke wote upotee. Kiswahili sanifu tukifundishe, tukipende na tukitetee; mimi mwenyewe ndicho kinachonilisha. Lakini usanifu una mahali pake, nako kuna wakati wa kuuweka chini, kama msafiri anavyotua mzigo. Neno letu "kituo", kabla ya kuwa mahali pa basi, lilitokana na kitenzi hicho "tua". Nafikiri mwalimu mwema ni yule anayejua wakati wa kutua ili amsikilize mwenziwe.

Ningetamani siku moja nifungue daftari la mwanafunzi wa Timau nisome, kwa mwandiko wa mtoto, "Babu alisema gari ya moshi ikifika, mvuke inajaa kila pahali." Na nikitazama chini ya sentensi hiyo, nisikute mstari wa kalamu nyekundu.